Ati Samaki Amekwisha Kauka

Katika vikao vya walimu wa vyuo vikuu vyetu, akitajwa mwanafunzi wa miaka 20 na zaidi asomaye kwa taabu, methali hutangulia hoja: samaki mkunje angali mbichi. Huyu, wasema, amekwisha kauka. Apimwe nini leo, naye amevuka darasa la saba, kidato cha nne na cha sita? Na walimu wale wale, siku ya mahafali, husimama jukwaani wakatangaza ya kuwa elimu haina mwisho.

Ninalolitetea ni hili: mwanafunzi mzima ambaye ufahamu wake wa mdomoni haulingani na wa karatasini apimwe kabla ya kuitwa mvivu, na kabla ya kuondolewa chuoni. Ugumu huu wa kusoma, ambao wataalamu huuita disleksia, si habari ya jana. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14, mwepesi wa hesabu na michezo, ambaye maneno ya kawaida yalimshinda kusoma. Mwalimu wake alishuhudia kwamba kama masomo yangalitolewa kwa mdomo tu, kijana yule angaliwapita wenzake shuleni. Siku zile uliitwa upofu wa maneno, ingawa macho yalikuwa mazima. Wala hauponi kwa kuota ndevu. Mtu huuzungushia ukuta: hukariri, huomba kusomewa, hukesha, naye hufaulu, mpaka afike mahali ambapo vitabu ni vingi kuliko usiku. Kuvuka kidato cha sita, basi, si ushahidi kwamba hana tatizo. Huenda ni ushahidi wa bidii yake.

Jibu lililo tayari nalijua: tatizo hilo ni la Waingereza, waandikao hivi wakatamka vile, Kiswahili kina irabu tano, nacho husomwa kama kiandikwavyo. Hoja hii ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo itupotezayo. Mwaka 2001 Eraldo Paulesu na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya watu wazima wenye elimu ya chuo kikuu: Waitalia, Wafaransa na Waingereza. Kiitalia, kama Kiswahili, huandikwa karibu sana na kinavyotamkwa. Waitalia wenye disleksia walisoma vizuri kuliko wenzao wa mataifa yale mawili. Lakini wakilinganishwa na Waitalia wasio nayo, walikuwa nyuma, na picha za ubongo zilionyesha upungufu wa namna moja kwa wote, upande wa kushoto. Maana yake kwetu ni kwamba, kwa Kiswahili, tusitazamie tatizo hili lijitangaze kwa makosa. Tulitafute katika mwendo. Mwanafunzi atasoma “hawakutuelewesha” bila kosa, silabi kwa silabi, kama mtu avukaye matope, na afikapo mwisho wa sentensi mwanzo wake umekwisha mponyoka. Mwalimu ahesabuye makosa hataona kitu.

Hapa nagombana pia na wale wapendao kipimo, watakao kukiagiza kutoka Uingereza kitumike kesho. Kijana wa Kitanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha masomo yakamgeukia Kiingereza kidato cha kwanza, akipewa kipimo kilichojengwa juu ya maajabu ya tahajia ya Kiingereza, kitapima ugeni wake katika lugha na kuuita kasoro ya akili. Apimwe kwa lugha anayoiishi. Macho na masikio yakaguliwe kwanza, kisha asome kwa sauti maneno ya kweli na ya kubuni, saa ikihesabu, aandike anachosikia, aulizwe habari za utoto wake. Mwendo wake ulinganishwe na wa wasomaji wenziwe wa Kiswahili, si wa London. Kuutafuta mwendo huo wa kawaida ni kazi ya idara za Kiswahili pamoja na wanasaikolojia. Sisi ambao twaweza kubishana mwaka mzima juu ya istilahi moja, tusiseme hatuna wakati.

Wengine hulalamika ya kuwa muda wa ziada ni upendeleo. Uingereza nyongeza iliyozoeleka ni robo: mtihani wa saa 3 huwa wa saa 3 na dakika 45. Italia iliingiza haki za wanafunzi hawa katika sheria namba 170 ya mwaka 2010, tangu shule hata chuo kikuu. Je, shahada zao zimeoza? Swali letu liwe hili: mtihani wa fasihi hupima kujua au kukimbia? Ikiwa twapima mbio, kama inavyoweza kuwa haki kwa mkalimani wa mahakama, tuandike hivyo juu ya karatasi ya maswali, watu wajue. Wajanja watakuwapo, sikatai. Na kwa sababu yao hasa nataka kipimo, maana machozi humdanganya mwalimu upesi kuliko mfululizo wa majaribio.

Kamati ya mitihani ikaapo mwishoni mwa mwaka huwa na alama za kila mtu mbele yake. Iongezwe safu moja kandoni mwa majina ya walioshindwa: amepimwa, hakupimwa. Na ambaye hakupimwa, naye walimu wake wanamjua kuwa ni mwelewa azungumzapo, jina lake lisikatwe siku hiyo.