"Boti ni boti"? Acheni hiyo uongo

Wadau, kuna sentensi nimechoka kuisikia pale ufuoni Naivasha: "Boti ni boti, twende na ya bei rahisi." Hebu tuongee.

Desemba tulienda kumi: shosho, mamangu, anko wawili, watoto watano na mimi. Mbele yetu boti mbili za faiba, turubai ya buluu zote, injini moja nyuma, urefu ule ule. Moja elfu tatu kwa saa, nyingine elfu nne. Wa elfu tatu akasema, "Ingieni, mnatosha wote." Wa elfu nne akatuhesabu kwa kidole, akasema anabeba saba, tugawane raundi mbili za nusu saa. Anko akakasirika, eti huyu anaringa.

Anaringa nini? Ukubwa ni ule ule! Boti ya kwanza haikuwa imepanuka, ni mdomo wa mwenyewe tu.

Halafu nikauliza jaketi za watoto. Wa elfu nne akatoa ndogo, vifungo vyote vikifunga. Yule mwingine akamvalisha binamu yangu wa miaka minne jaketi ya mtu mzima, akamwambia "shika vizuri." Ashike nini? Mtoto akianguka majini na kitu kama hicho, jaketi inapanda juu na yeye anateleza chini. Hilo ni pambo la kumnyamazisha mzazi.

Na msiniambie ziwa limetulia. Asubuhi ndiyo, lakini mchana upepo ukianza mawimbi yanakuja. Maji yalipopanda yalimeza miti ya ufuoni, visiki viko chini vinangoja injini. Sasa ongeza kiboko kikitoa kichwa upande wa kushoto: watu kumi wanasimama pamoja na simu, wote upande mmoja. Fikiria boti iliyojaa kupita kiasi inafanya nini hapo.

Nyinyi wenzangu wenye kamera ndio mnaniudhi zaidi. Video dakika tatu kuhusu boti, mnasifu spika, viti na rangi. Idadi ya abiria hamtaji, jaketi mnavua ndio nguo ionekane. Kwa hiyo nahodha naye ananunua spika.

Najua mtanijibu: maisha ni magumu, elfu moja ni nyama choma ya meza nzima. Sawa, siwezi kubishana na hilo. Lakini angalieni mnafanya nini. Yule anayekataa watu watatu zaidi anapoteza wateja kila Jumamosi kwa sababu ya ukweli wake. Anayejaza anarudi na raundi tano. Baada ya mwaka, nani atabaki ufuoni? Sisi ndio tunawafundisha kujaza, halafu ajali ikitokea tunauliza serikali iko wapi. Serikali iulizwe, ndio, lakini haikuwa hapo mkibageni. Mtongwe, tarehe 29 Aprili 1994, feri iliyojaa kupita kiasi ilipinduka na watu 272 wakafa, kwenye mkondo ambao ng'ambo unaiona kwa macho.

Sisi tulienda raundi mbili. Anko alinuna mpaka Limuru.

Mkienda wikendi hii, msianze na bei. Ulizeni anabeba wangapi. Akijibu kabla hajawahesabu, sogeeni kwa ile ingine.