Dhulma ya Jeshi Vamizi Huzaa Uasi



Sisi wakazi wa Kigoma na Ujiji hatuhitaji kusafiri mbali ili kuyajua matunda ya jeshi la kigeni linapokalia ardhi ya watu. Ng'ambo ya ziwa letu, kuanzia Uvira hadi Baraka na Fizi, matunda hayo yalivunwa kwa miaka mingi, na wengi walionusurika walivuka maji wakapokelewa mkoani kwetu, katika kambi za Lugufu na Nyarugusu.

Mwezi Agosti 1998 majeshi ya Rwanda yaliingia Kongo kwa mara ya pili, yakishirikiana na kundi la RCD. Hoja yao ilikuwa usalama, kwamba waliofanya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 walikuwa wamejificha katika misitu ya Kivu. Uadilifu unatulazimu kukiri kuwa wauaji hao walikuwapo. Lakini haki ya kujilinda haimpi mtu idhini ya kuitawala nyumba ya jirani yake na kuwaadhibu watoto wake kwa kosa la mgeni.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Wapiganaji wa Mai-Mai waliposhambulia, walioadhibiwa ni wanavijiji. Huko Makobola, kusini ya Uvira, mamia ya raia waliuawa mwishoni mwa Desemba 1998 na mwanzoni mwa Januari 1999. Kijana aliyewazika wazazi wake, kisha akaambiwa kuwa hayo yalifanywa kwa ajili ya usalama, angeelekea wapi? Wengi walielekea msituni. Jeshi likabaki na miji, na vijijini uasi ukazidi kukua.

Dalili iliyo wazi zaidi ilionekana mwaka 2002. Banyamulenge, ambao ulinzi wao ulitajwa kuwa sababu mojawapo ya vita, nao waliasi wakiongozwa na Patrick Masunzu, na jeshi la Rwanda likapigana nao katika milima ya Minembwe. Mlinzi anapompiga anayedai kumlinda, hoja yake imekwisha.

Hatusemi haya ili kuwatakasa Mai-Mai. Wao pia walipora, walibaka na kuua wasio na hatia. Aliyedhulumiwa hapati kwa dhulma hiyo ruhusa ya kumdhulumu mwingine. Hata hivyo, anayetaka kuung'oa uasi hana budi autazame mzizi wake.

Kwa mkataba wa Pretoria wa Julai 2002, Rwanda iliondoa majeshi yake. Mwezi Oktoba yalipokuwa yameondoka, Mai-Mai waliingia Uvira, na mji ukapiganiwa upya. Miaka minne ya mtutu wa bunduki haikuwa imejenga hata amani ya kudumu mwezi mmoja. Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti iliyoorodhesha matukio 617 ya ukatili uliotendwa Kongo kati ya 1993 na 2003. Mahakama maalumu ya kuyahukumu haikuundwa, ilhali baadhi ya wakuu wa vita walipewa vyeo.

Basi tusistaajabu kwamba mwanzoni mwa 2025 M23 waliiteka Goma, kisha Bukavu, na kwamba wapiganaji wanaojiita Wazalendo waliinuka dhidi yao. Baraza la Usalama, kwa azimio namba 2773 la Februari 2025, liliitaka Rwanda iondoe majeshi yake Kongo. Mwezi huohuo viongozi wa EAC na SADC walikutana Dar es Salaam wakataka mapigano yasimamishwe.

Kunyamazisha bunduki ni jambo jema, lakini kidonda kikifunikwa na usaha ndani hupasuka tena. Majeshi ya kigeni yaondoke, na waliomwaga damu, wawe wavamizi au waasi, wasimamishwe mbele ya hakimu. Nasi wa upande huu wa ziwa tujihadhari na ulimi unaomhesabu kila mkimbizi kuwa mwasi na kila Mnyamulenge kuwa muuaji, kwani kwa ulimi huo huo vita hupata askari wapya.

Allah atujaalie kuwa wenye kusimamia uadilifu. Wabillahi tawfiiq.