Kabla ya Kutua Kanada, Mtaje Kila Mtoto

Huenda nyumbani kwako, msomaji, kuna mtu anayengoja barua kutoka Kanada. Huenda ni mama ambaye mumewe alitangulia Toronto na sasa anamwita. Huenda ni muuguzi aliyejaza fomu baada ya miaka mingi ya kazi za usiku wodini, au ni binti yako aliyekwenda kusoma Edmonton na sasa ameomba kubaki. Simu ikilia, moyo unaruka. Jirani akiuliza, "Bado?" mnajibu, "Bado," kisha mnabadilisha mazungumzo.

Wahenga walisema subira huvuta heri, lakini katika jambo hili subira pekee haitoshi. Miezi hii ya kungoja ndiyo ambayo familia nyingi hufanya, au husahau kufanya, jambo litakaloamua kama watakaa pamoja au watatengana kwa miaka na miaka. Jambo lenyewe ni kumtaja kila mtoto, na mume au mke uliye naye, kabla ya siku ya kutua.

Kutua ni nini?

Hadi mwaka wa 2002, mgeni aliyekubaliwa kuishi Kanada aliitwa kwa Kiingereza "mhamiaji aliyetua", na karatasi aliyopewa ilikuwa rekodi ya kutua kwake. Sheria mpya ilipoanza kutumika Juni 28, 2002, jina likawa mkaazi wa kudumu. Hata hivyo, watu wameendelea kusema kutua hadi leo, nao hawakosei. Viza iliyobandikwa katika pasipoti haikufanyi mkaazi. Unakuwa mkaazi siku ile unapoulizwa maswali ya mwisho, ukayajibu na kuthibitisha kwamba uliyosema ni kweli.

Anayetoka hapa kwetu huulizwa maswali hayo na afisa kwenye uwanja wa ndege anapoingilia, kwa mfano Pearson kule Toronto. Aliye tayari ndani ya Kanada, kama yule aliyeolewa huko, zamani aliitwa na mwenzake katika ofisi ya uhamiaji kwa siku na saa maalumu. Tangu miaka ya ugonjwa wa korona, wengi wa walio ndani hukamilisha jambo hili kwa njia ya intaneti, ingawa ofisi yaweza kumwita mtu ana kwa ana inapotaka kumhoji. Njia ni tofauti lakini maswali ni yale yale.

Nayo si mengi. Je, umewahi kupatikana na hatia ya jinai? Je, umewahi kukataliwa kuingia Kanada, au kuamriwa kuondoka? Je, yale uliyoandika katika fomu bado ni kweli? Na hili ambalo wengi hulipita mbio: je, una watu wengine wa familia, wanaosafiri nawe au wasiosafiri, ambao hukuwataja?

Mlango unaofungwa

Sikiliza vizuri, msomaji. Kanuni za uhamiaji za Kanada, katika kifungu cha 117, zinasema kwamba mtu wa familia yako ambaye alikuwapo ulipokuwa unaomba ukaazi, nawe ukatua bila yeye kuchunguzwa na maafisa, hahesabiwi tena kuwa wa familia yako utakapotaka kumdhamini aje. Awe ni mtoto uliyemzaa mwenyewe, kwa kanuni hiyo si wako.

Tuchukue mfano wa msichana aliyepata mtoto akiwa kidato cha tatu. Mtoto akalelewa na nyanya yake huko Murang'a au Kakamega, akakua akimwita nyanya "mama" na mamake mzazi "dada". Msichana alimaliza masomo, akapata kazi mjini, akaolewa na mwanamume ambaye hajui habari za mtoto yule. Fomu za Kanada zinapofika, panapoulizwa watoto anaandika: hakuna. Anajiambia, "Nitatua kwanza, nijipange, kisha nitamwita."

Miaka minne baadaye nyanya anaugua. Mama anataka kumchukua mtoto wake. Anajaza fomu za kumdhamini, analipa ada, anangoja. Jibu linakuja kwamba mtoto hakutajwa wala hakuchunguzwa, kwa hivyo ombi halikubaliki. Atabaki kuomba ahurumiwe kwa sababu za utu, na njia hiyo ni ndefu na haina hakika. Zaidi ya hayo, uongo wenyewe waweza kumrudia. Kudanganya juu ya jambo la maana katika ombi huweza kumfanya mtu azuiwe kwa miaka 5, na hata aliyekwisha kupata ukaazi anaweza kunyang'anywa. Njia ya mwongo ni fupi.

Kweli, mwaka wa 2019, wakati Ahmed Hussen, mzaliwa wa Mogadishu, alipokuwa waziri wa uhamiaji wa Kanada, serikali ilifungua mlango mdogo kwa baadhi ya watu wa namna hii. Lakini ulikuwa mpango wa muda. Uliwafaa walioingia kama wakimbizi au waliodhaminiwa kama mume, mke au mtoto. Walioingia kwa ujuzi wa kazi hawakuguswa. Usijenge nyumba yako juu ya mlango wa namna hiyo.

Kwa nini watu huficha?

Sababu ya kwanza ni aibu. Mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa, au mtoto wa nje, huonekana kama doa, na wazazi wetu wengine hushiriki kulificha doa hilo. Sababu ya pili ni ushauri wa mitaani. Ajenti ambaye hajawahi kusoma hata ukurasa mmoja wa sheria humwambia mteja kwamba familia ndogo hupita haraka. Ajenti huyo hatakuwapo siku ya kukataliwa. Anayekuwakilisha kwa malipo mbele ya idara ya uhamiaji ya Kanada sharti awe mwanasheria wa huko au mshauri mwenye leseni huko. Muulize leseni yake kabla ya kumpa hata shilingi moja.

Sababu ya tatu ni kutoelewa swali. Wengi hudhani kwamba asiyesafiri hahusiki. Sivyo. Hata mtoto atakayebaki na nyanya, au anayeishi na mzazi mwingine mliyeachana, hutajwa, na kwa kawaida hupimwa afya kama wengine. Ukimtaja na akapimwa, hata akibaki Kenya mlango wake unabaki wazi. Gharama ya daktari ni ndogo ukiilinganisha na gharama ya kumpoteza.

Baba mwenye wake wawili naye asijidanganye. Kanada hutambua mke mmoja tu, lakini watoto wa nyumba zote mbili ni watoto wake na wote hutajwa.

Mambo yanayobadilika mkingoja

Ombi halisimamishi maisha. Watu huoa, huzaa, huachana na hufiwa wakati fomu zao ziko mezani kwa afisa. Kila badiliko la namna hiyo yafaa liripotiwe kabla ya safari, wala lisingoje kusemwa uwanjani mizigo ikiwa mgongoni.

La hatari zaidi ni harusi ya haraka. Kijana amepata viza kama mtu asiye na mke. Wazazi wanasema, "Usiende mkono mtupu," mahari yanapelekwa, ndoa inafungwa Jumamosi na Jumatano anapanda ndege. Anatua akiwa bado ameandikwa kwamba hajaoa. Siku hiyo amemfungia mkewe mlango kwa mkono wake mwenyewe. Wala asiseme kwamba ndoa ilikuwa ya kimila tu. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka wa 2014 inaitambua ndoa ya kimila sawa na nyinginezo. Kama hamwezi kungoja, ripotini ndoa hiyo kwanza na msisafiri hadi mpate jibu. Kama mwaweza kungoja, tulia utue, kisha urudi uoe kwa furaha na umdhamini mkeo.

Kuna na mtoto anayezaliwa viza zikiwa tayari. Huyu pia huripotiwa kabla ya kusafiri, naye anahitaji viza yake. Wazazi waliokata tiketi wakamwachia shangazi mtoto wa majuma matatu, kimya kimya, wamejitafutia msiba.

Halafu kuna binti mkubwa. Mtoto mtegemezi kwa sheria ya Kanada ni yule aliye chini ya miaka 22 na ambaye hajaolewa wala haishi na mtu kama mume. Umri wake hushikwa ulivyokuwa siku ombi lilipopokelewa, kwa hivyo akitimiza miaka 22 mkiwa bado mnangoja, hilo halimtoi. Lakini akiolewa mkingoja, ametoka. Wanaoharakisha kumwoza binti kabla ya familia kuhama wafikiri mara mbili.

Karatasi na mfuko

Tumieni muda wa kungoja kusawazisha majina. Kitambulisho kinasema Jane Wanjiku, cheti cha kuzaliwa kinasema Wanjiku Jane, cheti cha shule kimeongeza jina la babu. Mambo haya hurekebishwa pole pole kwa msajili na kwa wakili, si usiku wa kuamkia safari. Yule mtoto aliyeandikishwa kana kwamba nyanya ndiye mamake anahitaji uangalizi zaidi. Cheti chake kinasema jambo ambalo si kweli, na maafisa wakiwa na shaka wanaweza kupendekeza kipimo cha DNA. Mtafuteni wakili mapema.

Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja anahitaji idhini ya maandishi ya yule mwingine, au amri ya mahakama. Baba ambaye hakuonekana tangu mtoto azaliwe ana tabia ya kuonekana siku tiketi zinapokatwa. Mtafuteni angali mpole.

Angalieni tarehe. Vipimo vya afya hudumu miezi 12. Karatasi ya kuthibitisha ukaazi ina siku ya mwisho iliyoandikwa, nayo haitapita mwisho wa pasipoti yako wala, kwa kawaida, wa vipimo vyako. Pasipoti inayokaribia kwisha ifanywe upya mapema. Cheti cha tabia njema kutoka kwa idara ya upelelezi, ile makao yake yako Kiambu Road, nacho hakifai kuachwa hadi siku ya mwisho.

Na mfuko je? Usiuze makochi kabla viza haijafika mkononi. Usimpe mwenye nyumba notisi, usiache kazi, usimwondoe mtoto shuleni. Nyumba iliyobaki na godoro na sufuria mbili kwa mwaka mzima ikingoja barua huzaa ugomvi, na watoto ndio wanaoumia.

Siku yenyewe

Siku ikifika, beba karatasi zako mkononi wala si ndani ya sanduku lililopakiwa chini ya ndege. Tayarisha orodha ya vitu ulivyokuja navyo na vile vitakavyofuata baadaye, ili vitakapofika visitozwe ushuru. Kama familia imebeba pesa zinazofika dola 10,000 za Kanada au zaidi, semeni. Kuzibeba si kosa, kosa ni kuzificha.

Swali likiulizwa, lisikie hadi mwisho. Usipolielewa, sema hukulielewa, uombe mkalimani. Jibu unalolijua, usikisie. Mume asimjibie mke wala mke asimjibie mume. Afisa akiuliza kama kuna mtu wa familia ambaye hukumtaja, na moyoni unajua yupo, sema hapo hapo, kabla hujatia sahihi. Huenda safari ikacheleweshwa na huenda mkarudishwa nyuma hatua moja. Ni uchungu, lakini hatua moja hurudiwa. Sahihi juu ya uongo ni vigumu kuifuta.

Neno kwa walio chini ya paa moja

Hayo yote huanzia mezani nyumbani, kabla ya afisa yeyote. Mama mwenye mtoto huko mashambani, mwambie mumeo leo. Atakasirika, huenda akalala sebuleni siku mbili tatu. Afadhali akasirike akiwa Umoja au Likoni, mahali mlipo na wazee wa kuwapatanisha, kuliko ajue habari hiyo kutoka kwa barua ya serikali katika nyumba ya ghorofa ya ishirini na theluji nje. Nawe mume, ukiambiwa, kumbuka kwamba mtoto hakuomba kuzaliwa, na kwamba mkeo angeweza kunyamaza.

Na kwako nyanya unayemlea mtoto huyo kwa jina lisilo lake: ulimficha kwa mapenzi, ukimlinda bintiyo asiche masomo. Wakati huo umepita. Ukiendelea kunyamaza sasa, utamfungia mjukuu wako njia ya kwa mamake.

Usiku wa leo, baada ya chakula, chukueni karatasi. Andikeni jina la kila mtoto aliyezaliwa na mmoja wenu, popote alipo na yeyote anayemlea. Kisha itoeni nakala ya fomu mliyotuma, mlinganishe. Kama orodha mbili hazilingani, mmepata kazi ya Jumatatu asubuhi, na bado mna wakati wa kuifanya.

Hadi Jumapili ijayo.