Tangi jipya la samaki: Haraka ya siku moja inavyokula mtaji

UFUGAJI wa samaki si shughuli ya wenye mabwawa peke yao tena. Januari 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Mwanza ugawaji wa vizimba na boti kwa mkopo kwa wafugaji na wavuvi wa Ziwa Victoria. Mijini nako, watu wasio na ziwa wala bwawa wanafuga sato na kambale katika matangi ya plastiki na ya turubai nyuma ya nyumba, huku wafanyabiashara wadogo wakiuza matangi ya kioo yenye samaki wa mapambo kwa ajili ya sebule, hoteli na ofisi.

Pamoja na mwamko huo, ipo hasara moja inayowapata sana wanaoanza. Tangi linanunuliwa Jumamosi asubuhi, linajazwa maji mchana, na jioni samaki wanatiwa ndani. Siku mbili tatu za mwanzo mambo yanakwenda vizuri. Baada ya hapo samaki wanaanza kugoma kula, wanakuja juu kutweta, na kabla ya wiki ya tatu kwisha wengi wao wameshakufa.

Mnunuzi anamlaumu muuzaji kwamba amemuuzia samaki wagonjwa. Muuzaji naye anamlaumu mnunuzi kwamba hajui kutunza. Mara nyingi wote wawili wanakosea. Samaki walikuwa wazima, ila tangi lilikuwa halijawa tayari kuwapokea.

Sumu inatoka kwa samaki wenyewe

Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake kila dakika, na chakula kilichobaki chini ya tangi nacho kinapooza hutoa amonia hiyo hiyo. Kwenye kizimba ziwani, maji yanayopita huichukua na kuitawanya. Kwenye tangi la lita 100 haina pa kwenda. Inajikusanya siku hadi siku, inaunguza mashavu ya samaki, na hata maji yanapoonekana meupe kabisa samaki anaishi ndani ya sumu.

Kinachookoa tangi ni bakteria. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu, kwa kuwa huingia kwenye damu ya samaki na kuizuia isibebe hewa, ndiyo maana samaki hutweta hata kama pampu ya hewa inafanya kazi. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ina madhara madogo sana na huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki au kunyonywa na mimea ya majini.

Mkulima hapaswi kuona jambo hili kuwa geni. Ndiyo kazi inayofanyika shambani anapoweka mbolea ya SA au urea kwenye mahindi, ambapo bakteria wa udongo huigeuza amonia kuwa nitrati. Tofauti ni kwamba udongo una bakteria hao tayari, wakati tangi jipya lililooshwa na kujazwa maji ya bomba halina wa kutosha.

Bakteria hawa hawakai kwenye maji kwa wingi. Wanajishika kwenye sponji ya chujio, kokoto na kuta za tangi. Pia wanazaliana taratibu. Wale wanaoozesha chakula huweza kuongezeka maradufu kwa dakika chache, lakini hawa huchukua saa nyingi, pengine siku nzima. Ndiyo sababu tangi jipya huhitaji wiki nne hadi sita kukomaa. Katika joto la Dar es Salaam, Tanga au Kigoma kazi huenda haraka zaidi. Njombe au Makete, ambako maji ni baridi, mfugaji ajiandae kusubiri zaidi.

Hesabu ya kusubiri

Swali la mfanyabiashara ni moja: kusubiri kunagharimu nini? Tuchukue mfano wa tangi la kioo lenye chujio la wati 10. Likifanya kazi usiku na mchana kwa wiki sita, litatumia uniti 10 hivi za umeme. Hata kwa anayelipa shilingi 350 kwa uniti, hiyo ni shilingi 3,500 tu. Ukiongeza chakula kidogo na vipimo vya maji, bado gharama ni ndogo.

Upande wa pili, akinunua samaki 12 kwa shilingi 5,000 kila mmoja na wanane wakafa, amepoteza shilingi 40,000. Akinunua wengine na kuwatia mle mle, huenda akapoteza tena. Wapo wanaoacha kabisa baada ya jaribio la pili, na muuzaji anakuwa amepoteza mteja aliyekuwa arudi kila mwezi kununua chakula, mimea na samaki wapya.

Kwa mfugaji wa sato hasara ni kubwa zaidi. Kilo moja ya chakula chenye protini ya asilimia 30 huacha majini kama gramu 28 za nitrojeni ya amonia. Katika tangi la lita 10,000 hiyo ni miligramu 2.8 kwa kila lita, kila siku. Kubadilisha robo ya maji huondoa robo tu ya sumu hiyo, na mlo wa kesho unarudisha zaidi ya kile kilichotolewa leo. Bila bakteria, mfugaji anashindana na mahesabu asiyoweza kuyashinda kwa ndoo.

Jinsi ya kukomaza tangi

Njia salama ni kulikomaza tangi kabla ya kutia samaki. Jaza maji, washa chujio na pampu ya hewa, kisha tia chakula cha samaki kidogo kila siku kana kwamba samaki wamo. Chakula kikioza kitatoa amonia, ambayo ndiyo lishe ya bakteria.

Kila baada ya siku mbili tatu pima maji kwa vipimo vya matone. Kwanza amonia itapanda. Kisha itashuka na nitriti itapanda. Mwisho nitriti nayo itashuka na nitrati itaonekana. Tangi limekomaa pale amonia na nitriti zinapobaki sifuri ingawa chakula kinatiwa kila siku. Hapo badilisha nusu ya maji, kisha tia theluthi ya samaki unaokusudia kufuga. Wengine wafuate baada ya wiki moja au mbili, kwa kuwa wingi wa bakteria hulingana na chakula walichozoea.

Asiyeweza kusubiri muda huo anayo njia ya mkato iliyo halali: mbegu. Sponji iliyotumika katika tangi la zamani lenye samaki wazima, ikihamishwa ikiwa bado mbichi, huja na bakteria tayari na huweza kupunguza muda hadi wiki moja au mbili. Isichukuliwe kwenye tangi lenye ugonjwa.

Na ambaye tayari ana samaki katika tangi jipya? Apunguze chakula hadi kidogo mara moja kwa siku, au aruke siku moja moja. Abadilishe robo ya maji kila siku mpaka vipimo vitulie. Nitriti ikipanda, gramu 1 ya chumvi ya kawaida kwa kila lita husaidia kuizuia isiingie kwenye damu.

Mambo matatu yanayoharibu kazi

La kwanza ni klorini ya maji ya bomba, ambayo huua bakteria kama inavyokusudiwa. Maji yakae wazi kwenye ndoo kwa saa 24 kabla ya kutumika. Chujio lisioshwe chini ya bomba, bali lisuuzwe katika maji yaliyotolewa kwenye tangi lenyewe. Wengi wameua tangi lililokomaa kwa usafi wa siku moja.

La pili ni kukatika kwa umeme. Bakteria hawa wanahitaji hewa kama samaki. Chujio likizimika kwa saa nyingi wanaanza kufa, na umeme ukirudi linaweza kumwaga uchafu kwenye tangi. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni bima ya bei nafuu. Umeme ukikatika usilishe.

La tatu ni pH. Katika maji yenye pH 7 na joto la nyuzi 25, chini ya sehemu 1 kati ya 100 za amonia ndiyo iliyo katika hali ya sumu kali. Kwenye pH 8 zinakuwa kama 5, na kwenye pH 9 zinazidi 35. Hili linawahusu hasa wanaoshughulika na samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika, ndugu wa sato na perege, ambao wamekuwa wakiuzwa Ulaya na Marekani kwa miongo kadhaa. Ziwa lao lina pH inayokaribia 9, hivyo kiasi cha amonia ambacho samaki wengine wangekivumilia kinaweza kuwamaliza wao kwa usiku mmoja.

Biashara ya awamu mbili

Muuzaji atasema mteja hana subira, na kwamba asipomuuzia samaki leo atakwenda duka la jirani. Hoja hiyo ina uzito, lakini dawa yake ipo. Auze tangi, chujio na mimea leo, pamoja na kipande cha sponji kilichokaa kwenye matangi yake ya dukani. Samaki wachache wa kwanza wauzwe baada ya mteja kuleta maji kwenye chupa na kupimiwa. Hivyo anauza mara mbili, anatoza huduma ya kupima, na anaondokana na ugomvi wa kurudishiwa samaki waliokufa.

Kwa upande wa maofisa ugani na vyuo vya FETA, somo la kukomaza tangi linastahili kutangulia somo la vifaranga na chakula. Mkulima hapandi kabla ya kutayarisha shamba. Anayefuga katika tangi naye ana shamba lake, ingawa halionekani kwa macho, na mtaji wake hautakuwa salama mpaka bakteria wawe wamekwishaota mizizi humo.