Gari Kongwe si Gari Kuukuu

Kiswahili kimetujalia maneno mawili ambayo wanunuzi wa magari wangefaidika mno lau wangeyatenganisha. Kitu kikongwe ni kile kilichoishi miaka mingi; kitu kikuukuu ni kile kilichochakaa. Umri na uchakavu ni jamaa, lakini si pacha. Nayatanguliza maneno hayo kwa sababu shule, vyuo na watafiti wengi wanaofanya kazi katika kaunti kame hulazimika kutafuta magari ya zamani yanayosukumwa na magurudumu yote manne. Bei ya mapya imewashinda. Aidha, kanuni ya viwango KS 1515 ya mwaka 2000 inazuia kuingizwa nchini kwa magari yaliyotumika ambayo umri wake umepita miaka minane. Kwa hivyo, anayetaka gari kongwe hana budi kulitafuta miongoni mwa yale yaliyokwisha kuwamo nchini, mengi yakiwa yameuzwa minadani baada ya kazi ngumu ya miaka mingi.

Huenda msomaji akauliza: je, lami haijafika Moyale? Naam, imefika. Lakini shule, zahanati na vijiji havikujengwa vyote kando ya barabara kuu. Mwalimu anayekwenda kusimamia mtihani, au mwanafunzi anayekwenda kurekodi lugha za wazee karibu na Ziwa Turkana, angali anakutana na mawe ya volkano, mchanga wa laga na tope la masika.

Ni kweli kwamba magari makongwe yana sifa zake. Land Rover ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, bodi yake iliundwa kwa aluminiamu kwa kuwa chuma kilikuwa adimu baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Toyota nayo ilianza kutoa Land Cruiser za mfululizo wa 70 mwaka 1984, na tangu 1990 nyingi zimetiwa injini ya dizeli ya lita 4.2 iitwayo 1HZ, isiyohitaji kompyuta ili kuungurumishwa. Fundi wa Lodwar au Marsabit aliye na spana na uzoefu aweza kuifungua na kuifunga chini ya mwavuli wa mgunga. Hiyo ndiyo sababu hasa ya kulichagua gari la namna hii: likiharibika mbali, laweza kutengenezwa mbali.

Hata hivyo, nionavyo mimi, tunakosea katika hatua tatu. Ya kwanza ni uchaguzi. Kamati ya ununuzi huzunguka gari, hustaajabia rangi mpya, husikiliza injini na kutoa hundi. Nadra kumwona mtu akilala chini kuitazama chasisi. Injini yaweza kubadilishwa, gia zaweza kubadilishwa, lakini chasisi iliyoliwa na kutu ni la kuvunda lisilo na ubani. Bodi ya aluminiamu hudanganya zaidi, maana hubaki nadhifu huku chasisi ya chuma iliyoibeba ikimomonyoka, hasa ikiwa gari limekaa Pwani penye chumvi. Agonge fundi kwa nyundo. Palipo pazima hulia, palipooza hutoa sauti ya kufifia. Pia liingizwe gari katika gia nzito na kusukumwa kwa magurudumu yote manne kabla ya malipo. Mengi yameendeshwa mjini kwa miaka bila ya gia hizo kuguswa, na hugunduliwa kuwa zimekufa siku zinapohitajika.

Kosa la pili liko katika marekebisho. Gari likishanunuliwa, hamu ya kwanza ni kulipamba: tairi kubwa, springi ndefu, kichanja cha paani, bomba la kuvutia hewa juu. Kila pambo lina deni lake. Tairi kubwa kuliko zile za kiwandani huzilemea klachi na breki, na kukifanya kipimo cha mwendo kionyeshe kasi ndogo kuliko ile halisi. Kuinua gari, na kisha kupakia mitungi ya maji na mahema paani, hupandisha uzito juu na kulifanya lipinduke kwa urahisi penye mteremko wa ubavuni. Kadhalika, injini au bodi ikibadilishwa, sharti mamlaka ya usajili iarifiwe, na ni busara kampuni ya bima ijue pia.

Bomba la hewa ndilo linalonitia hofu zaidi. Kazi yake ni kuzuia injini isimeze maji, kwa kuwa maji hayabanwi kama hewa, na injini iliyoyameza huweza kuvunjika kwa ndani. Halilizuii gari kusombwa. Tarehe 4 Desemba 2021, katika mto Enziu kule Mwingi, basi lililowabeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na zaidi ya watu 30 wakafa. Lilikuwa gari kubwa kuliko Land Rover yoyote. Dereva wa wanafunzi akisema mto haupitiki, neno lake liwe la mwisho, hata kama mkuu wa msafara ana shahada tatu.

Kosa la tatu ni kusahau utunzaji. Taasisi hutenga fedha za kununua, zisitenge za kutunza. Gari kongwe lataka grisi kwenye viungio vyake kwa ratiba, beringi za magurudumu zikaguliwe, chujio la dizeli libadilishwe mara kwa mara pale mafuta yanapouzwa kutoka mapipani. Baada ya kuvuka maji, oili ya difu itazamwe. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia na haina budi kumwagwa. Kabla ya kuingia mchangani upepo wa tairi hupunguzwa, na hurudishwa kabla ya kushika lami. Hayo hayagharimu pesa nyingi. Yanagharimu nidhamu.

Napendekeza kila gari liwe na daftari lake, ambamo dereva na fundi wataandika kilichofanywa, tarehe na kilomita, kwa Kiswahili chao wenyewe. Fundi wetu wana msamiati mpana na maarifa ambayo vitabu vyetu vya mafunzo havijayachukua. Mmoja akistaafu, huondoka nayo yote. Walimu wa vyuo vya ufundi wakiwapa wanafunzi kazi ya kuyakusanya madaftari hayo, tutapata faida mbili: magari yatakayorudi salama na lugha ya ufundi iliyoandikwa na wenyewe.

Hadi hapo, kila tunapowapandisha vijana wetu katika gari lililotutangulia kuzaliwa, tujiulize ni lipi kati ya yale maneno mawili linalolifaa. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Na vilivyoundwa zamani huendelea kuelea kwa sababu kuna mtu anayeviunda upya kila mara.