Baba anayebeba mtoto hajalishwa limbwata

Huku kwetu Karagwe na Kyerwa mwanaume akionekana njiani amebeba mtoto, watu hucheka. Akimpeleka zahanati siku ya kupima uzito, wengine husema amelishwa limbwata. Wanasema mke amemweka chini, si dume tena. Mimi ni tabibu msaidizi, kijana mwenye cheti. Wazee wangu mnisamehe kwa umri wangu, lakini maneno hayo yanaumiza watoto.

Mwili una vitu vinavyoitwa homoni. Homoni ni kama mjumbe. Hutoka kwenye tezi, huingia katika damu na kupeleka habari sehemu nyingine za mwili. Mjumbe mmoja anaitwa testosteroni. Kwa mwanaume hutengenezwa zaidi katika korodani. Wanawake pia wanayo, ila kidogo. Kijana anapobalehe homoni hii huongezeka sana. Sauti huwa nzito, ndevu huota, misuli hukua.

Homoni hii haikai mahali pamoja. Asubuhi huwa juu, jioni hushuka. Mashindano nayo huigusa. Mwaka 1994 Brazil na Italia zilicheza fainali ya Kombe la Dunia. Huko Marekani wataalamu walipima mate ya mashabiki waliotazama mchezo huo kwa televisheni. Brazil ilishinda kwa penalti. Testosteroni ya mashabiki wa Brazil ilipanda, ya mashabiki wa Italia ilishuka. Nao hawakugusa mpira hata mara moja! Walikaa kwenye viti tu. Basi shabiki wa Simba au Yanga anayetoka kwenye kibanda cha video kifua mbele, huenda damu yake nayo imeshangilia.

Kutaka ukubwa si jambo jipya kwetu. Mzungu Speke alipofika Karagwe mwaka 1861 alimkuta Rumanyika akitawala, baada ya kugombea kiti na ndugu yake Rogero. Hata sokwe hugombea. Huko Gombe, mkoa wa Kigoma, alikuwako sokwe dume aliyeitwa Mike. Hakuwa na cheo. Akaokota madebe matupu ya mafuta ya taa kambini kwa Jane Goodall. Akawa anayagonga na kuyasukuma mbele yake huku akikimbia. Makelele yale yaliwatisha madume wakubwa wakampisha. Mwaka 1964 Mike akawa mkuu wao. Hakuwa na misuli kuliko wengine. Alikuwa na madebe.

Na sisi tunayo madebe yetu. Mtu amepokea malipo ya kahawa. Anaingia kilabuni, anawanunulia rubisi watu wote ili aitwe bosi. Nyumbani mtoto anakula ndizi bila maharage. Ukimuuliza, atasema mwanaume ndivyo alivyo. Mimi nakataa. Homoni haikumwambia anunue rubisi. Homoni huongeza hamu ya kushindana. Sifa zenyewe hutolewa na watu. Tukimsifu mnunuzi wa rubisi, vijana watashindania hiyo. Tukimcheka baba mwenye mtoto, watakimbia watoto wao. Na kina mama, nanyi mnacheka. Nawasikia.

Sasa nije kwenye limbwata. Wahadzabe wanaishi karibu na Ziwa Eyasi, hapa hapa Tanzania. Ni wawindaji na waokota matunda. Baba wa Kihadzabe hubeba mtoto mchanga, humchezesha, hulala karibu naye. Jirani zao ni Wadatoga, wafugaji. Kwa mila yao mtoto mdogo ni kazi ya mama. Wataalamu walipima mate ya wanaume wa makabila haya mawili, wakatoa taarifa mwaka 2009. Kwa Wahadzabe, wenye watoto walikuwa na testosteroni ndogo kuliko wasio na watoto. Kwa Wadatoga hapakuwa na tofauti.

Mtu anaweza kusema, "Unaona? Mtoto anapunguza uanaume." Subiri kidogo. Ufilipino wataalamu waliwafuata wanaume 624 kuanzia mwaka 2005 hadi 2009. Wale wenye testosteroni nyingi mwanzoni ndio zaidi waliopata wake na watoto. Baada ya kuwa baba, homoni ile ikashuka. Kwa waliolea watoto saa 3 au zaidi kwa siku, ilikuwa chini zaidi. Kwa hiyo hao hawakuwa wanyonge. Walishindana, wakapata mke, kisha mwili ukageukia kazi nyingine. Kushuka huko si ugonjwa. Baba hao wa Kihadzabe huenda kuwinda kwa upinde na mishale, na huzaa watoto wengine. Mke hakutia kitu kwenye mchuzi. Ni mwili wenyewe.

Kuna jambo la hatari hapa. Vijana wengine wakisikia homoni imeshuka, hutafuta sindano au vidonge vya testosteroni bila kupimwa. Usifanye hivyo. Homoni ikiletwa kutoka nje, ubongo huona imetosha. Huacha kuziamrisha korodani zifanye kazi. Korodani husinyaa na mbegu za uzazi hupungua. Mtu ametafuta uanaume akapoteza uwezo wa kuzaa. Mwenye shida ya kweli aje zahanati, tutamwandikia barua ya kwenda hospitali akapimwe damu.

Nasema haya kwa sababu mtoto akipungua uzito, mimi humweleza mama. Mama anarudi nyumbani bila fedha ya kununua maharage wala mayai. Fedha iko kwa baba, na baba hakusikia nilichosema. Siku ya kupima uzito, baba, njoo umebeba mtoto na kadi yake. Benchi la nje lina nafasi.