NDEGE DAKIKA 45, KUNGOJA SIKU TATU (Sehemu ya 4)

Niliahidi tuongee kuhusu rufaa. Naanza na swali ninalolisikia sana wodini: "Nesi, si bora tungoje ndege?"

Mama mmoja wa hapa hapa Itetemia alipewa barua ya rufaa Jumanne, ampeleke mwanawe wa mwaka mmoja Bugando. Moyo una tundu. Shemeji yake akaangalia kwenye simu: Tabora hadi Mwanza kwa ndege, dakika 45. Gari ni karibu kutwa. Basi wakakaa nyumbani kusubiri nauli ya ndege itumwe. Ijumaa usiku wakarudi kwetu, mtoto midomo ya bluu, mbavu zinabonyea kila akivuta pumzi.

Hizo dakika 45 si uongo jamani. Uwanja kwa uwanja, mstari ulionyooka, ni kama kilomita 290, na pangaboi ikienda moja kwa moja inazimaliza kwa muda huo. Ila simu ilipiga hesabu ya umbali tu, haikuuliza kama siku hiyo kuna ndege. Ukilazimika kuunganishia Dar, unaruka kama kilomita 730 kwenda pwani, halafu 850 nyingine kurudi Mwanza. Yaani kilomita 1,580 angani kumfuata daktari ambaye kwa lami ya Nzega na Shinyanga yuko kama kilomita 360!

Wazungu waliokuja huku na misafara, Burton na Speke walitumia siku 134 kutoka pwani mpaka hapa Unyanyembe mwaka 1857. Stanley mwaka 1871 alitumia siku chache kuliko wao kutoka Bagamoyo. Hata wakati huo tofauti haikuwa umbali.

Kitu kingine ambacho simu haisemi: ndani ya ndege hewa inakuwa nyepesi, kama umesimama mlimani mita 2,000 na zaidi. Tabora tuko kama mita 1,200. Wewe mzima hutahisi kitu. Mtoto mwenye shida ya moyo, nimonia au upungufu mkubwa wa damu atahisi. Huyo hapandi bila daktari kuandika kwamba anaweza kusafiri, na shirika la ndege lijulishwe mapema kama anahitaji oksijeni.

Sipingi ndege. Kwa kliniki iliyopangwa, mtoto yuko imara na nauli ipo mkononi, pandeni. Mnyonyeshe wakati wa kupaa na kutua, masikio hayatamuuma sana.

Ila lawama simpi yule mama, najipa mimi na wenzangu. Tunakabidhi barua, tunasema "mwende Bugando", hatuulizi mtaondoka lini na kwa usafiri gani. Siku hizi mimi nauliza kabla sijaitoa. Nisipokuuliza, niulize wewe: huyu anaweza kusubiri siku ngapi? Nikisema hata moja hawezi, habari za ndege ziishie hapo. Na kwa dharura ya mjamzito, mama aliyetoka kujifungua au mtoto mchanga, piga 115, ni bure, usafiri unatafutwa.

Yule mtoto aliondoka Jumamosi alfajiri kwa gari la wagonjwa, oksijeni puani. Jioni mama yake akanitumia meseji: "Tumefika, nesi."

Sehemu ya 5 nitaandika cha kubeba kwenye begi la rufaa.